Joto linavyobadili ujazo wa maji ya chumvi

NDOO ya maji ya bahari ikitekwa kando ya meli bandarini Mombasa kisha ikaachwa juani, maji yaliyomo hayabaki kama yalivyokuwa. Kiasi cha chumvi ni kile kile, lakini maji yamepata joto, yametanuka, na kila lita yake sasa ina uzito mdogo kuliko ilivyokuwa yalipotekwa.

Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Hata hivyo, kwa meli inayoteremsha tani 40,000 za ngano, kosa la kilo 3 katika uzito wa kila mita ya ujazo ya maji ya bahari hutosha kupotosha hesabu ya shehena kwa takriban tani 117. Hayo ni magunia 1,300 ya kilo 90.

Hesabu hiyo hutokana na namna shehena ya nafaka, makaa ya mawe au klinka inavyopimwa pale ambapo kila gunia haliwezi kuwekwa kwenye mizani. Meli yenyewe hugeuzwa kuwa mizani. Mkaguzi husoma kina ambacho meli imezama kabla ya kuteremsha mzigo na baada ya kuuteremsha, kisha hutafuta ujazo wa maji yaliyosukumwa kando na meli hiyo.

Kwa kanuni ya Archimedes, uzito wa meli inayoelea ni sawa na uzito wa maji hayo. Kwa hivyo, ujazo ukijulikana, kinachobakia ni kujua kila mita ya ujazo ya maji hayo ina uzito gani. Kipimo hicho ndicho wanasayansi wanakiita densiti, na ndicho hubadilika joto linapopanda au kushuka.

Majedwali mengi ya meli huchukulia kwamba maji ya bahari yana densiti ya kilo 1,025 kwa mita ya ujazo. Nambari hiyo inafaa kwa bahari zenye ubaridi wa kadiri. Maji yenye gramu 35 za chumvi katika kila kilo, ambayo ndiyo wastani wa bahari kuu, huwa na densiti ya takriban kilo 1,024.8 yakiwa na nyuzijoto 20. Yakifika nyuzijoto 30, densiti hiyo hushuka hadi kilo 1,021.7 hivi.

Ndiposa mkaguzi makini hupima densiti ya maji palepale meli ilipo, kwa hidromita, mara tu maji yanapotekwa na kabla jua halijayapasha. Akikawia, na maji ya ndoo yakapanda kutoka nyuzijoto 27 hadi 35, atasoma densiti iliyo pungufu kwa karibu kilo 3, ilhali maji yanayoibeba meli hayajabadilika hata kidogo.

Ipo dhana iliyoenea kwamba alama za kupakia mizigo zilizochorwa ubavuni mwa meli, maarufu kwa jina la Samuel Plimsoll, mbunge aliyepigania sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1876, zilitenganishwa kwa maeneo ya joto na ya baridi kwa sababu ya densiti. Si kweli. Alama ya maeneo ya tropiki, ile ya majira ya joto na ile ya majira ya baridi zilitenganishwa kwa sababu ya ukali wa mawimbi na dhoruba. Alama inayohusu densiti ni ile ya maji yasiyo na chumvi, ambamo meli huzama zaidi.

Watu wa Pwani huyaita maji hayo yasiyo na chumvi 'maji baridi', hata yakiwa yanachemka jikoni. Katika makala haya, ili kuepuka utata, yataitwa maji matamu.

Tabia ya maji matamu

Vitu vingi hutanuka vikipata joto na kunywea vikipoa. Maji matamu hufuata kanuni hiyo, ila kwa sehemu tu. Yakipozwa kutoka nyuzijoto 30, hunywea hadi yafike karibu nyuzijoto 4, ambapo densiti yake huwa kilo 999.97 kwa mita ya ujazo. Hapo ndipo yanapokuwa mazito zaidi. Yakiendelea kupozwa, hugeuka na kuanza kutanuka tena, na yakigandana kuwa barafu ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Chupa ya glasi iliyojazwa maji hadi mdomoni na kuachwa ndani ya friza hupasuka kwa sababu hiyo.

Chanzo cha ukaidi huu ni jinsi molekuli za maji zinavyoshikana. Kila molekuli hupenda kushikana na jirani zake wanne kwa mpangilio ulio wazi, wenye nafasi nyingi katikati, mfano wa kiunzi cha nyumba ya udongo kabla haijakandikwa. Joto linaposhuka, molekuli hupunguza mwendo na kukaribiana, lakini wakati huohuo kiunzi hicho huzidi kujijenga na kuzitenganisha. Juu ya nyuzijoto 4 hali ya kwanza hushinda. Chini ya hapo hushinda ya pili.

Katika nchi za baridi tabia hii huwaokoa samaki wa maziwani. Maji ya nyuzijoto 4 huzama chini, yaliyo baridi zaidi hubaki juu, na barafu huanzia usoni huku viumbe wakiendelea kuishi chini yake.

Chumvi huivuruga hali hiyo. Kadiri inavyoongezwa, ndivyo kiwango cha joto ambapo maji huwa mazito zaidi kinavyoshuka. Kiwango cha kuganda nacho hushuka, ila kwa kasi ndogo. Viwango hivyo viwili hukutana maji yanapokuwa na takriban gramu 24.7 za chumvi kwa kilo, karibu na nyuzijoto 1.3 chini ya sufuri.

Maji yenye chumvi zaidi ya hapo, yakiwemo ya bahari kuu, huendelea kuwa mazito hadi yanapoganda, karibu na nyuzijoto 1.9 chini ya sufuri. Bahari ya Baltiki, ambayo sehemu yake kubwa ina chumvi kidogo mno, bado huganda kwa mtindo wa ziwa. Katika Atlantiki ya Kaskazini, maji ya chumvi yaliyopozwa na upepo huzama kina kirefu na kusukuma mikondo inayozunguka dunia.

Chumvi inapopunguza ujazo

Aliyezoea kupika angedhani kwamba ukichanganya kikombe cha maji na kijiko cha chumvi, utapata ujazo wa vyote viwili kwa pamoja. Mambo hayaendi hivyo. Gramu 36 za chumvi ya mezani zina ujazo wa karibu mililita 16.6. Zikiyeyushwa katika gramu 100 za maji kwenye nyuzijoto 25, mmumunyo unaopatikana huwa na mililita 113 na ushei, badala ya takriban 117 ambazo hesabu ya kujumlisha ingetoa. Mililita 3 hivi zimetoweka, ingawa hakuna tone lililomwagika.

Zimetoweka kwa sababu chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Ayoni huzivuta molekuli za maji kwa nguvu na kuzibana pamoja kuliko zinavyokaa zenyewe. Wanasayansi wa Ujerumani Paul Drude na Walther Nernst walieleza kubanwa huko kwa misingi ya umeme mnamo 1894, na maelezo yao yangali msingi wa somo hili.

Chumvi zenye ayoni ndogo na zenye chaji kubwa hubana zaidi. Salfeti ya magnesi, ambayo hupatikana pia baharini, ni mfano mashuhuri. Ikitiwa kidogo katika maji mengi, baada ya kuondolewa maji yaliyomo ndani ya chembechembe zake, ujazo wa mmumunyo huwa mdogo kuliko wa maji yenyewe kabla hayajatiwa chochote.

Kenya ina mfano wake wa karibu. Kaboneti ya sodiamu, ile inayotengenezwa kutokana na magadi ya Ziwa Magadi katika Kaunti ya Kajiado, hufanya vivyo hivyo. Gramu 20 za kaboneti kavu zikiyeyushwa katika gramu 980 za maji kwenye nyuzijoto 20, uzito wa mchanganyiko ni kilo 1 kamili, lakini ujazo wake ni pungufu ya ule wa maji peke yake kwa takriban theluthi moja ya mililita au zaidi kidogo. Kaboneti ikizidi asilimia 4 hivi, nafasi inayochukuliwa na ayoni hushinda kubanwa huko na ujazo huzidi ule wa maji peke yake.

Hapa ndipo halijoto inapoingia kwa njia isiyotarajiwa, kwani kubanwa kwenyewe hubadilika na joto.

Wanakemia hupima jambo hili kwa kuuliza: moli moja ya chumvi, ambayo kwa chumvi ya mezani ni gramu 58.4, huongeza ujazo gani inapotiwa katika maji mengi sana? Ikiwa kavu, moli hiyo ina ujazo wa mililita 27. Ndani ya maji ya nyuzijoto 25 huongeza mililita 16.6 tu. Kwenye nyuzijoto 0 huongeza karibu 13. Maji yakipashwa, nyongeza hiyo hupanda hadi karibu mililita 18 kwenye nyuzijoto 60 hivi, halafu hugeuka na kuanza kushuka tena.

Sababu ni kwamba nguvu mbili zinavutana. Katika maji ya baridi, ayoni huvunja kile kiunzi chenye nafasi nyingi na kuyafanya maji yajibane. Joto likipanda, kiunzi huwa kimekwisha kulegea chenyewe, hivyo ayoni hazina mengi ya kuvunja na chumvi huonekana kuchukua nafasi kubwa zaidi. Joto likizidi sana, molekuli za maji huwa zimeachana kiasi kwamba ni rahisi kuzivuta na kuzibana, na nyongeza ya ujazo hupungua upya.

Mnamo 1982, Wamarekani P.S.Z. Rogers na Kenneth Pitzer walichapisha majedwali ya ujazo wa maji ya chumvi ya mezani hadi nyuzijoto 300 na mgandamizo unaokaribia mara 1,000 ya ule wa hewa. Majedwali hayo yamekuwa tegemeo la wahandisi wanaoshughulika na maji moto yaliyo chini ya ardhi.

Kwa shughuli za kawaida, matokeo muhimu ni rahisi kueleza: maji yenye chumvi nyingi hutanuka kwa joto zaidi ya maji matamu, na hutanuka kwa mpangilio ulio sawa zaidi. Maji matamu yakipashwa kutoka nyuzijoto 0 hadi 10, ujazo wake haubadiliki kwa kiasi cha kutajika. Maji yenye chumvi ya asilimia 26, ambayo yamekaribia kushiba, hutanuka kwa karibu asilimia 0.4 katika nyuzijoto hizohizo 10.

Mashamba ya chumvi

Kaskazini mwa mji wa Malindi, kutoka Gongoni kupitia Marereni hadi Kurawa, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana na kuachiwa jua na upepo. Huko ndiko chumvi nyingi inayoliwa nchini hutoka.

Kazi hiyo huonekana rahisi kwa mpita njia, lakini ina masharti magumu. Maji ya bahari hayana chumvi ya aina moja. Yakikauka, huanza kuachilia chokaa, kisha jasi, halafu chumvi ya mezani, na mwisho chumvi za magnesi ambazo ni chungu. Mwenye shamba hutaka jasi ibaki katika mabwawa ya mwanzo, chumvi ya mezani ijitenge katika majaruba ya mwisho, na maji machungu yaondolewe kabla hayajaichafua.

Ili kujua maji yamefika wapi, wafanyakazi hutumia hidromita yenye vipimo vya Baumé, vilivyobuniwa na mwanafamasia Mfaransa Antoine Baumé katika karne ya 18. Maji ya bahari husoma karibu 3.5. Jasi hujitenga yakifika 13 hadi 15 hivi. Chumvi ya mezani huanza kuonekana karibu 25.5, wakati ujazo wa maji umebakia takriban sehemu moja kwa kumi ya ule wa mwanzo. Yakifika karibu 29, ni wakati wa kuyatoa.

Hidromita hiyo haipimi chumvi. Hupima densiti, na anayeisoma hukisia chumvi kutokana na densiti hiyo. Vipimo vyake kwa kawaida huwekwa kwa nyuzijoto 15.6, hali ambayo haijulikani kabisa katika mashamba ya Magarini.

Tuseme maji yana joto la nyuzijoto 35 alasiri. Ni karibu nyuzijoto 20 juu ya kipimo cha kiwandani. Maji hayo, yakiwa yamekaribia kushiba chumvi, yametanuka kwa takriban asilimia 0.8, na hidromita itasoma karibu nyuzi 1 nzima ya Baumé pungufu ya hali halisi.

Nyuzi 1 ni nyingi. Maji yaliyofika 25.5 yatasomwa kama 24.5, na mfanyakazi atayaacha katika bwawa la kukolezea, ambako chumvi itaanza kuganda sakafuni pasipo mpango. Upande wa mwisho ni mbaya zaidi. Maji yaliyofika 29 yatasomwa 28, yataachwa siku moja au mbili zaidi, na kloridi ya magnesi itaingia kwenye zao. Chumvi ya namna hiyo huwa na uchungu, hunyonya unyevu wa hewa na kugeuka tope ndani ya gunia, na bei yake sokoni haiwezi kulingana na ya chumvi safi.

Mashamba mengi huikwepa shida hii kwa uzoefu: wafanyakazi hujua kwamba katika saa fulani za mchana, namba fulani ndiyo ya kutilia maanani, hata kama vitabu vinataja nyingine. Mbinu hiyo hufanya kazi mradi msimu usibadilike. Wakati wa kaskazi, jua linapokuwa kali, na wakati wa kusi, ambapo asubuhi huwa na baridi kidogo, namba ileile haiwezi kuwa na maana moja. Kipimajoto cha bei nafuu kikitumbukizwa pamoja na hidromita, pamoja na jedwali la masahihisho la ukurasa mmoja, hutatua jambo lote.

Joto lina athari nyingine inayopotosha wengi. Chumvi ya mezani haiyeyuki zaidi sana katika maji ya moto kuliko ya baridi: gramu 100 za maji hubeba karibu gramu 35.7 za chumvi kwenye nyuzijoto 0 na takriban 39 kwenye nyuzijoto 100. Ndiyo maana kupoza maji ya chumvi usiku hakuleti zao kubwa. Ni mvuke unaopotea ndio unaoleta chumvi. Magadi ni tofauti kabisa. Uwezo wa maji kubeba kaboneti ya sodiamu hupanda kwa kasi kutoka nyuzijoto 0 hadi 35 hivi, kisha hupungua kidogo.

Mabwawa yenye moto chini

Mara nyingine chumvi na joto hushindana waziwazi katika dimbwi moja. Katika maji matamu, yaliyopata joto huwa mepesi na kupanda juu, ambako hupoteza joto lake hewani. Lakini maji ya chini yakiwa na chumvi nyingi kuliko ya juu, hayapandi hata yakipashwa.

Hesabu yake ni hii. Maji yenye chumvi ya mezani ya asilimia 20 yana densiti ya kilo 1,145 hivi kwenye nyuzijoto 25. Yakipashwa hadi nyuzijoto 80 hushuka hadi karibu 1,115. Huo ni upungufu mkubwa, lakini maji matamu ya nyuzijoto 25 yana kilo 997 tu. Yale ya moto hubaki chini kama kawaida, na tabaka lililo juu yake huwa kama blanketi.

Mwanasayansi wa Hungaria, Alexander von Kalecsinsky, aliliona jambo hilo katika Ziwa Medve huko Transylvania, na mnamo 1902 aliandika kwamba mwishoni mwa majira ya joto maji ya kina cha mita 1.32 yalikuwa na karibu nyuzijoto 70. Tangu hapo nchi kadhaa, Israeli na Marekani zikiwa miongoni mwao, zimechimba mabwawa ya aina hiyo ili kuvuna joto la jua.

Bahari inayotanuka

Jambo lililo zito kuliko yote linahusu wakazi wa fuo za bahari kila mahali, Lamu na Mombasa zikiwemo. Bahari inapopata joto, haina pa kutanukia ila juu.

Kwa mujibu wa ripoti ya sita ya Jopo la Kiserikali kuhusu Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), iliyotolewa mwaka wa 2021, wastani wa usawa wa bahari duniani ulipanda kwa sentimita 20 kati ya 1901 na 2018. Katika kipindi cha 1971 hadi 2018, nusu ya kupanda huko ilisababishwa na kutanuka kwa maji yenyewe. Barafu ya milimani ilichangia asilimia 22, na ile ya Greenland na Antaktika asilimia 20. Wengi hudhani kwamba barafu ndiyo chanzo pekee cha tatizo hili.

Kasi ya kutanuka hutegemea joto la maji kabla hayajaongezewa joto jingine. Maji ya bahari yenye nyuzijoto 0 yakipashwa hadi 10, densiti yake hupungua kwa kilo 1.2 hivi kwa mita ya ujazo. Yenye nyuzijoto 20 yakipashwa hadi 30, hupungua kwa kilo 3 hivi. Nyuzijoto ni zilezile 10, lakini athari ni mara mbili na nusu hivi.

Kwa hivyo, tabaka la mita 100 za juu katika bahari ya tropiki, lenye nyuzijoto 28, likiongezewa nyuzijoto 1, uso wake hupanda kwa sentimita 3 hivi. Tabaka kama hilo katika bahari yenye nyuzijoto 5 hupanda kwa sentimita 1 na kidogo. Bahari Hindi ya Magharibi, ambayo maji ya juu ya pwani yake ya Kenya huwa kati ya nyuzijoto 25 na 30 hivi kwa mwaka, iko katika kundi la kwanza.

Sentimita chache hazitishi mtu anayesimama ufuoni maji yakiwa yamekupwa. Hesabu hubadilika wakati wa bamvua kubwa, pepo zikiwa zinasukuma maji nchi kavu, kwa kuwa maji hayo sasa huanza safari yao yakiwa juu zaidi. Visima vya maji matamu katika visiwa vidogo, ambavyo hutegemea tabaka jembamba la maji ya mvua yanayoelea juu ya maji ya chumvi, huwa vya kwanza kuharibika.

Chumvi nayo hubadili usawa wa bahari mahali kwa mahali. Mvua kubwa au mto uliofurika huyapunguzia maji chumvi, huyafanya mepesi, na kuyainua kidogo. Jambo hilo huonekana hata katika hori ya Port Reitz, ambako Mto Mwache humwaga maji yake. Msimu wa masika densiti ya maji huko huenda ikawa mbali na ile kilo 1,025 iliyochapishwa katika majedwali ya meli. Meli iliyopakia ngano katika Bahari Nyeusi, ambako maji ya juu katika sehemu nyingi yana gramu 17 au 18 tu za chumvi kwa kilo, husafiri ikipanda majini kila inapoingia katika bahari yenye chumvi zaidi, ingawa mzigo haujaguswa.

Vyombo vya kupima na milinganyo

Ili kufuatilia haya yote, mataifa mbalimbali yametawanya baharini vifaa vinavyoelea viitwavyo Argo, ambavyo sasa ni karibu 4,000. Vingi kati ya hivyo huzama hadi mita 2,000, na kila baada ya siku 10 hivi hupanda juu vikipima joto na chumvi njiani, kisha hutuma matokeo kwa setilaiti. Vifaa vingi kati ya hivyo havipimi densiti moja kwa moja. Densiti hukokotolewa kutokana na joto, chumvi na mgandamizo.

Ukokotoaji huo hufanywa kwa mlinganyo ambao mataifa yalikubaliana. Ule wa mwaka wa 1980, uliopitishwa chini ya UNESCO na kutokana na vipimo ambavyo Frank Millero wa Chuo Kikuu cha Miami alikuwa miongoni mwa waliovifanya, ulifaa kwa maji yenye hadi gramu 42 za chumvi kwa kilo na nyuzijoto 40. Mwaka wa 2010 ulifuatwa na mwingine, ujulikanao kama TEOS-10, ambao hutilia maanani kwamba chumvi za bahari moja hazilingani kabisa na za nyingine.

Katika maabara za shule jambo hilohilo hujitokeza kwa sura ndogo. Chupa ya kupimia ujazo huandikwa 20°C shingoni, kwa maana kwamba alama yake ni sahihi katika joto hilo. Mmumunyo wa chumvi uliotayarishwa asubuhi katika nyuzijoto 20 na kutumiwa katika chumba chenye 35 huwa umetanuka kwa karibu nusu ya asilimia moja, na nguvu yake kwa lita imepungua kwa kiasi hichohicho. Wanakemia wanaotaka usahihi mkubwa hupima chumvi kwa uzito wa maji badala ya lita, kwa kuwa uzito haubadiliki kwa joto.

Milinganyo ya bahari haifiki katika majaruba ya chumvi, ambako kila kilo ya maji ina zaidi ya gramu 250 za chumvi. Majedwali ya chumvi ya mezani husaidia hadi chumvi hiyo inapoanza kujitenga. Baada ya hapo, magnesi na salfeti huzidi kukolea siku baada ya siku, na jedwali la chumvi moja haliwezi tena kueleza ujazo wa maji yale. Mwenye shamba hulazimika kutengeneza jedwali lake mwenyewe: kuchukua chupa ya maji ya jaruba, kuisoma kwa hidromita ikiwa na baridi ya alfajiri, kuipasha polepole, na kuandika namba moja baada ya nyingine.